Kulisemea soko la Zanzibar ukiwa Uingereza: mlango gani, karatasi gani, wakati gani

Barua nyingi za jumuiya za Wazanzibari waishio nje huomba jambo lile lile: "kuimarisha uhusiano wa kibiashara na wa kidiplomasia baina ya nchi zetu mbili." Sentensi haina kosa, ila hakuna ofisa anayeweza kuitekeleza. Ataisoma, atajibu kwa shukurani, ataitia jaladani. Ofisa hushughulikia jambo lenye jina la bidhaa, jina la kikwazo na jina la ofisi yenye mamlaka ya kukiondoa. Hapa tunaeleza namna ya kulipata jambo la aina hiyo na pa kulipeleka, zaidi kwa aliyeko Uingereza, na kwa ufupi kwa aliyeko Oman ambako mlango ni mwengine kabisa.

Chagua bidhaa, na usianze na karafuu

Kila mtu hukimbilia karafuu kwa kuwa ndiyo jina la visiwa hivi. Lakini karafuu kavu hununuliwa kwa mkulima na ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, peke yake, na kuzitoa nje kando ya shirika hilo ni magendo, hata zikiwa za shamba la babu yako Mtambwe. Jumuiya inayojitokeza na mnunuzi wa Birmingham anayetaka kununua karafuu moja kwa moja kwa wakulima wa Wete imejifungia mlango siku ya kwanza. Mnunuzi wa karafuu, au wa mafuta ya Kiwanda cha Makonyo cha Wawi, mpelekeni ZSTC kwa barua, kisha nyinyi shikeni jengine.

Nafasi ipo kwenye mdalasini, pilipili manga, manjano, tangawizi, kungumanga, vanila na mwani. Chagueni moja. Mkitaja tano, kila idara itasema nne si zake.

Bidhaa ikishachaguliwa, itafuteni namba yake ya forodha, ile inayoitwa HS. Msiikadirie. Mdalasini wa Zanzibar ni wa jamii ya Ceylon, na ukiwa haujasagwa namba yake ni 0906.11. Ukiandikwa 0906.19 umehesabiwa pamoja na kasia na midalasini mengine, ambayo soko huithamini vyengine, na hoja yote ya ubora wa mdalasini wetu imepotea kwa tarakimu mbili. Pilipili manga nzima ni 0904.11. Mwani wa kuliwa na watu ni 1212.21, na usio wa kuliwa ni 1212.29.

Baada ya hapo angalieni ushuru, kwa sababu hapa ndipo jumuiya nyingi zinapojiaibisha. Tanzania imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni kabisa. Chini ya mpango wa Uingereza unaoitwa DCTS, ulioanza tarehe 19 Juni 2023, nchi za orodha hiyo huingiza bidhaa zote isipokuwa silaha bila ushuru. Umoja wa Ulaya una mpango wake wa namna hiyo tangu 2001. Wako wanaodhani haki hii iliondoka pale Benki ya Dunia ilipoitia Tanzania katika uchumi wa kati wa chini mwaka 2020. Hizo ni orodha mbili mbali mbali. Kwa hivyo barua inayomwomba waziri wa Uingereza apunguze ushuru wa viungo vya Zanzibar inaomba kilichokwisha kutolewa, na mwenye kuipokea anajua pale pale kuwa walioandika hawakusoma.

Kikwazo cha kweli mara nyingi kiko kwenye vipimo. Chukua pilipili manga, tangawizi, manjano na kungumanga. Kwa vyote vinne Uingereza na Umoja wa Ulaya wana ukomo wa sumu ya ukungu, aflatoksini: mikrogramu 5 za aina ya B1 kwa kila kilo, na 10 kwa aina zote zikijumlishwa. Mzigo ukizidi hapo huzuiwa bandarini, kisha huteketezwa au hurudishwa kwa gharama ya mwenyewe. Sumu haitoki mbali. Pilipili imeanikwa chini au kwenye mkeka uliolala juu ya udongo wakati wa masika, ikatiwa guniani ikiwa bado na unyevu, ikakaa ghalani wiki kadhaa kungojea mzigo utimie. Ikikaushwa juu ya chanja hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 12, ukungu haupati pa kuanzia. Ila mnunuzi wa Leicester hatokuamini kwa mdomo. Anataka karatasi ya maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo, kwa kila mzigo.

Hapo sasa mna jambo la kusemea: nani achukue sampuli Pemba, nani apime, na nani alipie mpaka mizigo iwe mikubwa kiasi cha kujilipia. Kipo chombo kinachofaa hasa kwa hili, STDF, kilichoko Geneva chini ya Shirika la Biashara Duniani. Hutoa ruzuku ya hadi dola 50,000 za Marekani kwa ajili ya kuandaa mradi wa usalama wa chakula na afya ya mimea na wanyama, na maombi hupokelewa kutoka serikalini, kwa wafanyabiashara na kwa asasi. Mswada wa maombi hayo ni kazi ambayo mtaalamu wa maabara au mhasibu aliyeko Manchester anaweza kuifanya jioni baada ya kazi yake, na una faida kuliko chakula cha usiku cha hotelini na hotuba sita.

Takwimu: Zanzibar haionekani

Mkitaka kuonyesha ukubwa wa biashara mtafungua takwimu za HMRC, mamlaka ya kodi na forodha ya Uingereza, ambazo ni za bure na zinatafutika kwa namba ya HS. Mtakuta Tanzania. Zanzibar hamtoiona, kwa sababu forodha ya Uingereza inatambua nchi ya asili tu, nayo ni TZ. Zaidi ya hapo, mwani wetu husafirishwa mkavu kwenda viwanda vya nchi nyengine, huko hutolewa karajinani, yaani utomvu wa mwani unaotumika kuzitia uzito bidhaa za chakula, na Uingereza huinunua karajinani hiyo, 1302.39, kwa jina la nchi yenye kiwanda. Viungo navyo vikipitia kwa mfanyabiashara wa Dubai huweza kuandikwa vibaya.

Dawa ni kutumia vyanzo viwili kwa pamoja. Takwimu za Zanzibar peke yake chukueni Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, ambayo hutoa taarifa za biashara ya nje ya visiwa. Za upande wa pili chukueni HMRC. Ziandikeni safu mbili bega kwa bega, mwaka mmoja, kipimo kimoja: tani kwa tani, si tani kwa paundi. Zikitofautiana, na zitatofautiana, semeni hivyo kwenye barua na elezeni sababu. Tofauti hiyo yenyewe ni hoja, maana inaonyesha thamani inayopotea njiani kabla bidhaa haijafika mezani kwa mlaji.

Milango miwili nyumbani

Kwa upande wa nyumbani, kosa kubwa ni kupeleka jambo la Muungano kwa SMZ (Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar), au la SMZ kwa Muungano. Mambo ya nje ni ya Muungano. Kadhalika "mikopo na biashara ya nchi za nje", ushuru wa forodha na uhamiaji. Yote yamo katika nyongeza ya kwanza ya Katiba ya 1977. Lakini kilimo cha Zanzibar, viwanda vyake, viwango vyake na vitega uchumi vyake ni vya SMZ.

Kwa hivyo ombi la mkataba baina ya dola na dola litapitia Ubalozi wa Tanzania mjini London na Wizara ya Mambo ya Nje, ambayo ina ofisi yake Unguja. Ombi la sampuli na alama ya ubora ni la ZBS (Taasisi ya Viwango Zanzibar), usalama wa chakula ni wa ZFDA (Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar), cheti cha afya ya mimea ni cha wizara ya kilimo ya Zanzibar, na mwekezaji mwenye mtaji apelekwe ZIPA (mamlaka ya vitega uchumi ya Zanzibar). Mwenye kusajili kampuni aende BPRA (wakala wa usajili wa biashara na mali). Forodha bandarini ni TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), kodi za ndani nyingi ni ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar). Watu huzichanganya kila siku, hata wafanyabiashara wa Darajani.

Ikulu ya Zanzibar nayo ina idara inayoratibu ushirikiano wa kimataifa na Wazanzibari waishio nje. Kila barua mnayopeleka kwengine, nakala iende huko. Si kwa adabu tu. Wizara mbili zikisukumiana jambo lenu, idara hiyo ndiyo yenye nafasi ya kuuliza limekwama kwa nani. Na mkipeleka barua Muungano bila nakala kwa SMZ, au kinyume chake, mmetonesha kidonda ambacho hamkukitia nyinyi. Andikeni "Nakala kwa" chini ya barua, zote mbili, kila mara.

Wakati nao una kanuni zake. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na Baraza la Wawakilishi huijadili bajeti Mei na Juni. Ombi lenye gharama likifika Mei limechelewa mwaka mzima, kwa hivyo lifike kabla ya Disemba kwisha. Mwezi wa Ramadhani ofisi hufungwa mapema na barua hulala. Januari, karibu na sherehe za Mapinduzi, kuna Maonesho ya Kimataifa ya Biashara Nyamanzi, na huo ndio wakati mzuri wa kumleta mnunuzi, maana wazalishaji wa Unguja na Pemba anawakuta mahali pamoja.

Kikundi, na kamba iliyo mguuni

Hamhitaji jumuiya ya watu 500. Mnahitaji watu kama kumi wanaokaa majimbo kumi tofauti ya uchaguzi, na tutaeleza kwa nini. Miongoni mwao awepo mmoja anayejua forodha au usafirishaji, mmoja wa kuandika, na mmoja mwenye jamaa Pemba anayeweza kwenda shambani na kupiga picha ya ghala.

Umbo la kisheria lifikirieni kabla ya kufungua akaunti ya benki. Wengi hukimbilia kusajili asasi ya hisani, na ikiwa mapato yake yanazidi paundi 5,000 kwa mwaka lazima isajiliwe na Tume ya Hisani. Lakini kukuza biashara ya watu binafsi kwa kawaida si lengo la hisani, na asasi ya hisani hairuhusiwi kuwa na lengo la kisiasa. Kampuni yenye dhamana isiyo na hisa hukaa vizuri zaidi kwa kazi hii. Kikundi chenye katiba ya ukurasa mmoja pia kinatosha kuanzia.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tangu 1 Julai 2025 Uingereza ina rejista ya ushawishi wa kigeni, FIRS. Ukiagizwa na serikali ya kigeni kuwashawishi mawaziri au wabunge wa Uingereza, mpango huo lazima usajiliwe ndani ya siku 28, na kutosajili ni kosa la jinai. Chama kinachotawala nchi ya kigeni nacho huhesabiwa pamoja na serikali, na wenye matawi ya vyama London walijue hilo. Mkiandika kwa akili zenu na kwa fedha zenu, hamhusiki. Ofisa wa nyumbani akisema "tunakulipieni tiketi, kamwambieni mbunge wenu hivi na hivi," mmeingia. Marekani ina sheria ya namna hiyo tangu 1938, FARA, na Ujerumani ina rejista ya washawishi tangu 2022. Njia iliyo salama ni kuweka mezani kila senti na kila ombi la serikali kwa maandishi, na kutopokea maagizo.

Siasa za nyumbani ziacheni mlangoni. Hili si la heshima tu, ni la kazi: mbunge wa Uingereza akipokea barua mbili za Wazanzibari wiki moja, moja ya pilipili manga na nyengine ya uchaguzi, zenye majina yale yale, zote mbili atazipeleka Wizara ya Mambo ya Nje ya kwao na ya pilipili haitorudi. Tena wako wenzetu waliofika huko kwa njia ya hifadhi. Msiwatie katika orodha inayokwenda ubalozini, wala kuwapiga picha ubalozini, bila ya ridhaa yao. Picha moja inaweza kumharibia mtu kesi yake.

Barua kwa mbunge wa Uingereza

Mbunge hushughulikia wakaazi wa jimbo lake tu. Akipata barua ya mtu wa jimbo jengine huipeleka kwa mwenziwe. Ndiyo maana watu kumi wa majimbo kumi wana nguvu kuliko mia wa jimbo moja. Andika anuani yako kamili na msimbo wa posta juu kabisa, la sivyo msaidizi wake hatokujibu. Si lazima uwe na pasi ya Uingereza. Tanzania imo katika Jumuiya ya Madola, na Mtanzania mwenye kibali halali cha kuishi huko anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata ya ubunge. Wengi hawalijui hili na miaka inapita.

Barua iwe ukurasa mmoja. Utaiandika kwa Kiingereza, ila ombi lenyewe liwe hivi:

"Mimi ni mkaazi wa jimbo lako. Wakulima wa pilipili manga wa Wilaya ya Wete, Pemba, wana haki ya kuingiza bidhaa yao Uingereza bila ushuru tangu Juni 2023. Wanachokosa ni kipimo cha aflatoksini kinachokubalika huku. Naomba umuulize Waziri wa Biashara, kwa swali la maandishi, ni msaada gani wa kitaalamu wa vipimo vya chakula ambao idara yake imeipa Tanzania chini ya DCTS, na kiasi gani cha msaada huo kimefika Zanzibar."

Tazama ombi hilo linavyofanya kazi. Swali la maandishi halimgharimu mbunge kitu, jibu lake hutangazwa hadharani, na likishatangazwa mnaweza kulibeba hadi ubalozini London na wizarani Unguja. Jibu likiwa "hakuna," hiyo ndiyo hoja yenu ya pili. Kama mbunge anapenda zaidi kumwandikia waziri barua, idara hulenga kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Hesabuni, siku ya 25 mkumbusheni. Msitume Agosti: bunge liko likizo hadi mwanzo wa Septemba.

Maombi ya saini mtandaoni tunashauri myaache. Serikali hujibu ikifika saini 10,000, na mjadala hufikiriwa kwenye 100,000, ndani ya miezi sita. Wazanzibari hatutoshi, na ombi lililokwama kwenye saini 900 hubaki mtandaoni likionyesha udogo wenu.

Mkitaka kumwalika mbunge aje Pemba aone mashamba, pitieni Ubalozi wa Tanzania kwanza ili apatikane mwenyeji rasmi. Akifika Unguja bila Wizara ya Mambo ya Nje kuwa na habari, hakuna waziri atakayempokea. Naye atalazimika kutangaza safari yoyote ya nje iliyolipiwa na wengine ikizidi paundi 300. Mpeni hesabu kamili kabla hajauliza.

Ubalozi, manispaa na Oman

Kazi ya ubalozi kukuza uhusiano wa kiuchumi si hisani ya balozi. Imeandikwa katika Mkataba wa Vienna wa 1961, na kwa konseli katika ule wa 1963. Hata hivyo ombeni kwa adabu: "Mheshimiwa Balozi, tunaomba nusu saa na ofisa wa uchumi." Mkienda, chukueni mnunuzi mmoja wa kweli na karatasi moja. Picha ya pamoja ipigwe mwisho, si mwanzo.

Manispaa ni mlango mdogo unaosahauliwa. Potsdam ya Ujerumani na Mji wa Zanzibar walifunga udugu wa miji mwaka 2017. Mpango wa aina hiyo hauhitaji mkataba wa dola, unahitaji madiwani wachache wenye moyo, na hubeba vitu ambavyo wizara hazivigusi: skuli, usafi wa mji, mafunzo ya mafundi.

Oman kazi hugeuka. Huko wanaojua Kiswahili hawahitaji kutafutwa, wamo katika majumba ya biashara na maofisini. Barua kwa wabunge haina nafasi kubwa. Hoja hupita katika Chama cha Biashara na Viwanda cha Oman, Ubalozi wa Tanzania Muscat, na Ubalozi Mdogo wa Oman ulioko Unguja. Kuunda jumuiya bila leseni na kukusanya michango bila kibali ni makosa yanayoadhibiwa, hata michango ikiwa ya msikiti wa kijijini. Kamati ya WhatsApp yenye mweka hazina imekwishavuka mpaka. Wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, na miadi huwekwa kwa simu ya mtu anayejulikana, barua hufuata. Ukitaka kufungua mazungumzo, historia ipo: mwaka 1840 Sayyid Said alimtuma Ahmad bin Na'aman New York kwa merikebu ya Sultana, akafika 30 Aprili, na ndani ya shehena zimo karafuu. Mjumbe yule alikwenda na bidhaa mkononi.

Baada ya jibu

Majibu mengi huwa nusu: "tumelipokea, linafanyiwa kazi." Siku hiyo hiyo andikeni kuuliza jina la idara na mwezi wa kutarajia. Bila mwezi, jambo halina tarehe ya kuchelewa.

Wekeni daftari moja la mtandaoni lenye safu sita: tarehe, ofisi, cheo cha aliyepokea, kilichoombwa, kilichojibiwa, siku ya kukumbusha. Andikeni cheo, kwa sababu maofisa huhamishwa, hasa baada ya uchaguzi, na mrithi huanza upya asipokuta maandishi. Nywila ya daftari iwe kwa watu watatu. Jumuiya nyingi zimekufa siku katibu alipogombana na mwenyekiti akaondoka na barua pepe. Na mzigo wa kwanza ukipita salama, hata ukiwa kilo 300, tumeni nakala ya ankara, tamko la nchi ya asili ya bidhaa na karatasi ya maabara kwa kila aliyewasaidia pande zote mbili, yule msaidizi wa mbunge na yule ofisa wa ZBS aliyechukua sampuli, kwa majina ya vyeo vyao.